Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Miji ya Hija ya Kihindu: Turudishieni Foleni Moja

Mombasa, Kenya

Kwa Waheshimiwa Wadhamini wa mahekalu, Wakuu wa kamati za hija, na Maafisa wa serikali za majimbo wanaosimamia miji ya hija nchini India.

KUH: KUUZWA KWA NAFASI YA MBELE KATIKA MAHEKALU

Waheshimiwa,

Namaste, na baada ya salamu.

Naandika nikiwa Mhindu wa Mombasa, mjukuu wa mtu aliyetoka Porbandar kwa jahazi kutafuta riziki, ambaye maishani mwake alirudi India mara mbili tu, na mara zote mbili alirudi kwa ajili ya hija. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hii ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo bila kuvunja heshima, na kwa sababu ndiyo wanayoisoma watu ninaotaka wawe mashahidi wa barua hii: Wahindu wenzangu wa Mombasa, Nairobi, Kisumu, Zanzibar na Dar es Salaam, hata na waliohamia Leicester, ambao kila msimu hufunga mizigo kuja kwenu, pamoja na majirani zetu Waislamu na Wakristo, ambao tangu utoto wetu wamekuwa wakituuliza hija yetu ni ya nini.

Nimekwisha kuandika faragha mara tatu kwa ofisi ya hekalu moja ambalo sitalitaja, kwa kuwa sioni haki kulishtaki hekalu moja kwa desturi iliyoenea katika mengi. Barua ya kwanza ilijibiwa na mashine, ikanishukuru kwa mchango ambao sikuutoa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa na karani ambaye, kwa adabu kubwa, alinishauri kwamba safari ijayo ninunue pasi ya familia, kwani ni nafuu kuliko kununua pasi za mtu mmoja mmoja. Ndipo nikaona kwamba sina budi kulitoa jambo hili hadharani.

Nieleze kwanza kilichotokea. Baba yangu alipougua, mama aliweka nadhiri kwamba akipona atakwenda kusimama mbele ya Bwana kwa miguu yake mwenyewe. Baba alipona, akaishi miaka minne zaidi, na nadhiri ikabaki deni. Mama alipofikisha miaka 78 aliniambia kuwa hataki kufa akidaiwa. Nikampeleka, na nikafanya lile ambalo mwana yeyote mwenye simu na kadi ya benki angelifanya: usiku wa kuamkia siku yenyewe nilinunua pasi mbili za VIP katika tovuti ya hekalu. Natangulia kulikiri hili ili nisije nikaambiwa kwamba nalaani mlo ambao nami nimeula. Tulipitishwa mlango wa ubavuni. Dakika ishirini baadaye tulikuwa mbele ya murti, sanamu takatifu ya Bwana. Kuhani alituvisha mashada ya maua, akatuuliza tumetoka nchi gani, akatupa nafasi ya kutosha ya kusali. Tulipotoka, mama aliketi kwenye ngazi akaanza kuvaa viatu, kisha akaacha. Akaniambia, "Mwanangu, deni bado. Nilisema nitasimama, na sikusimama."

Kesho yake tulisimama. Tuliingia kwenye foleni ya bure saa kumi alfajiri, tukafika mbele ya murti saa sita na nusu mchana. Foleni hiyo hupita ndani ya vizimba virefu vya vyuma, na aliyekwisha kuingia hana pa kutokea. Mbele yetu alikuwa bibi mmoja wa kijijini Bihar na mumewe, waliosafiri siku mbili kwa treni. Alipoona mama anayumba alikunja shali yake, akaiweka chini, akamwashiria akae. Hawakuwa na lugha ya kuelewana, maana Kihindi cha mama ni cha sinema na cha yule bibi ni cha shamba, lakini waligawana chapati baridi na achari kana kwamba wametoka mtaa mmoja. Mara tatu lango la chuma lilifungwa ili wapite watu waliozungukwa na askari, na kila mara mamia ya watu waliokuwa wakisonga mbele walibanwa kwa ghafla, nyuma wakiendelea kusukuma. Yule bibi alipofika mbele ya murti, baada ya saa nane na nusu, mlinzi alimsukuma bega kabla hajakunjua viganja vyake. Nilihesabu sekunde mbili. Jana yake, mahali pale pale, mimi nilikuwa nikiulizwa nimetoka nchi gani.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mnauza kitu ambacho si mali yenu.

Wazee wetu waliuita mji wa hija tirtha, neno la Kisanskriti lenye maana ya kivuko, mahali ambapo mto unapitika. Mtu wa Mombasa haelezwi kivuko ni nini. Pale Likoni anayevuka kwa miguu halipi chochote, na ndani ya feri muuza samaki, karani wa benki na mwanafunzi hubanana bega kwa bega juu ya maji yale yale. Mwenye gari hulipa, lakini hulipia gari. Hakuna bei inayoweza kumfikisha ng'ambo kabla ya wenzake waliopanda naye. Babu yangu aliielewa hija kwa namna hiyo. Alisafiri kwa treni daraja la tatu, akalala kwenye dharamshala, yaani nyumba ya mahujaji isiyodai kodi, ubavuni mwa watu ambao kwao Porbandar asingelithubutu kula nao sahani moja. Huko Haridwar, kuhani anayetunza madaftari ya nasaba aliandika jina lake chini ya jina la baba yake, na kando akaongeza neno moja, "Mombasa". Nimeuona ukurasa huo kwa macho yangu. Hauna safu inayoonyesha alilipa kiasi gani wala aliingia kwa mlango upi.

Hija ya namna hiyo ilikuwa na maana ambayo watu wote waliifahamu. Mtu alikwenda kulipa nadhiri, au kuwapeleka wazazi wake kabla hawajafa, kama Shravan Kumar aliyewabeba mabegani wazazi wake vipofu, au kutupa majivu ya marehemu mtoni, au, kwa wale waliokwenda Kashi, yaani Varanasi, kufia huko. Kwa siku chache alivua cheo chake pamoja na viatu. Kusubiri kulikuwa nusu ya ibada, kwa sababu katika kusubiri ndipo mwenye duka na kibarua walipojikuta wanatazama mgongo wa mtu mmoja. Leo, katika harusi na misiba yetu hapa Mombasa, nasikia hija ikisimuliwa kwa maneno mengine: fulani aliingia kwa dakika kumi, fulani anamjua mdhamini, fulani aliruhusiwa kugusa mpaka miguu ya murti. Imekuwa safari ambayo mtu huenda nayo na cheo chake na kurudi nacho kikiwa kimeongezeka. Hatukujifunza lugha hiyo mtaani kwetu. Tumeisoma kwenye orodha zenu za bei.

Kila mtoto mwenye asili ya Porbandar, mji ambao hadi leo una hekalu la Sudama, anakijua kisa cha fukara huyo aliyekwenda Dwarka kumwona mwenzake wa utotoni, Krishna, aliyekuwa mfalme. Zawadi yake ilikuwa konzi ya mchele uliopondwa, imefungwa kwenye kitambaa kikuukuu, na aliona haya kuitoa. Krishna aliposikia jina lake alishuka kitini mbio, akamwosha miguu, akaunyakua ule mchele akaula. Kwa ukumbusho huo mahujaji hupeleka mchele katika kisiwa cha Beyt Dwarka hata sasa. Nauliza kwa heshima: Sudama akija leo kwenye malango yenu na kitambaa chake, mlinzi atamwelekeza upande gani?

2. Mlango uliofunguliwa kwa mapambano unafungwa kwa bei.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nami naomba muisome polepole. Katika karne ya 14, pale Pandharpur, mji wa hija wa Maharashtra, kulikuwa na mshairi aitwaye Chokhamela, wa tabaka la Mahar lililohesabiwa kuwa najisi, ambaye alimwimbia Vitthal, mungu wa hekalu la pale, maisha yake yote na hakuruhusiwa kuingia hekaluni. Kaburi lake liko chini ya ngazi za lango, nje. Ilichukua zaidi ya miaka 500 mpaka wajukuu wa tabaka lake wavuke ngazi hizo, na hawakuvuka kwa hisani ya wadhamini. Tarehe 12 Novemba 1936 Maharaja wa Travancore, kusini mwa India, alitangaza kuwa mahekalu ya dola yake yafunguliwe kwa Wahindu wa tabaka zote, baada ya miaka mingi ya maandamano, yakiwemo yale ya Vaikom. Mwezi Mei 1947 mwandishi na mpigania uhuru Sane Guruji alifunga kula pale Pandharpur mpaka mlango wa Vitthal ukafunguliwa kwa Wadalit, yaani watu wa tabaka zilizotengwa kama Mahar. Kisha Katiba ya India, katika Ibara ya 25, ikaipa serikali uwezo wa kuzifungua taasisi za umma za dini ya Kihindu kwa tabaka zote na makundi yote ya Wahindu.

Hakuna hata mmoja kati ya waliopigania hayo aliyedai mlango wa ubavuni. Walidai mlango mmoja. Ninyi leo hamumuulizi mtu tabaka lake, na katika hilo mnastahili sifa. Mnamuuliza ana rupia ngapi. Lakini mimi nilisimama saa nane na nusu ndani ya vizimba vile, nikawatazama waliokuwemo, miguu yao iliyopasuka na mabunda yao ya nguo, na sikuhitaji kuelezwa kwamba bei inaweza kufanya kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa na ukoo, tena bila mtu yeyote kuona aibu.

Nautaja Tirumala, mji wa hekalu kusini mwa India, kwa sababu wenyewe huzitangaza bei zao waziwazi, jambo ambalo wengine wangeliiga. Pale foleni ya bure ipo, na kwa siku ya kawaida huja watu kati ya 60,000 na 80,000. Kuna tiketi ya rupia 300 kwa anayetaka kungoja kidogo. Na kuna mfuko wa kujengea mahekalu ambao anayeuchangia rupia 10,000 hupata haki ya kununua tiketi ya VIP. Mchango ambao unampa mtoaji nafasi ya mbele, kwa Kiswahili chetu, tunauita nauli.

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kutoa amri katika shauri lililopinga ada za namna hii, lakini majaji hawakuficha rai yao kwamba upendeleo haufai. Waliliacha jambo mikononi mwa jamii na mwa wasimamizi, yaani mwenu. Wiki chache kabla ya hapo, pale Dharmasthala, mji mwingine wa hekalu, Makamu wa Rais wa wakati huo, Jagdeep Dhankhar, alisema hadharani kwamba utamaduni wa VIP hekaluni unapingana na usawa. Alisema hayo akizindua jengo la kusubiria mahujaji. Kwa hiyo hamwezi kusema kwamba malalamiko haya yamezuliwa na Mwafrika mwenye pasipoti ya kigeni asiyejua mambo ya India.

3. Foleni iliyokatwa ni hatari kwa maisha.

Tarehe 1 Januari 2022 watu 12 walikufa katika mkanyagano kwenye hekalu la Vaishno Devi. Tarehe 8 Januari 2025 watu sita walikufa mjini Tirupati, chini ya mlima wa Tirumala, wakigombania tokeni za kuingia hekaluni kwa sikukuu. Tarehe 29 Januari mwaka huo huo, kwenye Kumbh, mkusanyiko wa mahujaji wa kuoga mtoni pale Prayagraj, serikali yenyewe ilihesabu maiti 30. Sisemi kwamba pasi za VIP ndizo zilizowaua hao wote. Kila msiba una chanzo chake. Nasema tu kwamba nimekuwa ndani ya foleni lango linapofungwa kwa ajili ya mtu mmoja, na najua kifua kinavyobanwa. Baada ya msiba wa Prayagraj wakuu walizifuta pasi zote za VIP. Iliwezekana basi, tena kwa tangazo moja tu.

4. Hija imegeuka maonyesho.

Hapa nawaomba msinielewe vibaya, kwa kuwa rahisi ni kuwalaumu vijana. Nafurahi kuwaona. Miaka ishirini iliyopita mtu wa miaka 25 aliyekwenda hija bila kusindikiza wazee alionekana ana kasoro. Leo vijana huja wenyewe, mwisho wa juma, wakiwa kundi, na wengi wao wanalia mbele ya murti sawasawa na bibi zao. Kamera zao zinachosha, na kamati ya Kedarnath, hekalu la milima ya Himalaya, ilifanya vyema mwaka 2023 ilipopiga marufuku picha na video ndani ya hekalu. Lakini kijana ameufuata mfano aliouonyeshwa. Korido ya Kashi Vishwanath, yaani uwanja na njia pana za kufikia hekalu, ilizinduliwa tarehe 13 Desemba 2021, ile ya Ujjain Oktoba 2022, na hekalu la Ayodhya tarehe 22 Januari 2024, na katika kila tukio taifa zima lilitazama kupitia televisheni safu za mbele zikiwa na wakuu wa serikali, na kule Ayodhya hata waigizaji na matajiri. Kuhusu Ayodhya, ambako msikiti ulisimama mpaka ulipobomolewa tarehe 6 Desemba 1992, majirani zangu Waislamu huniuliza maswali ambayo sina majibu mepesi kwayo, na sitajifanya ninayo. Niseme tu kwamba kwa watu wengi kwenda kule sasa kumekuwa kutangaza upande mtu aliko, na hiyo ni maana mpya kabisa ya hija.

Kuna na helikopta. Kedarnath iko karibu mita 3,580 juu ya usawa wa bahari, na njia ya miguu kutoka Gaurikund ni kama kilomita 16. Mwaka 2023 walifika huko watu zaidi ya milioni 1.9, katika bonde lile lile ambalo mafuriko ya Juni 2013 yaliangamiza maelfu. Oktoba 2022 helikopta ya mahujaji ilianguka huko, wakafa saba. Juni 2025 ikaanguka nyingine, wakafa saba tena, akiwemo mtoto mdogo. Siwezi kumhukumu mzee wa miaka 80 anayeruka kwa sababu magoti yamegoma. Ninachouliza ni kwa nini safari hiyo inatangazwa kama kifurushi cha watu wenye shughuli nyingi, watakaokuwa wamerudi hotelini kabla ya chakula cha mchana.

Sipingi kila kilicho kipya. Zamani kwenda Beyt Dwarka kulikuwa kwa mashua kutoka Okha. Tangu Februari 2024 kuna daraja la Sudarshan Setu, na ingawa nimepoteza kivuko nilichokipenda, daraja hilo linapitwa na kila mtu, na mgonjwa wa kisiwani hangoji tena bahari itulie.

5. Wenyeji wanakuwa wageni.

Nitalipita hili haraka kwa sababu wenyewe wanalisema vizuri kuliko mimi. Ili korido ya Kashi ijengwe, majengo yapatayo 300 yalinunuliwa na kubomolewa, na vichochoro vilivyokuwa na watu vikawa uwanja. Vrindavan, mji wa wajane wasio na kwao, sasa una matangazo ya nyumba za mapumziko za kuuzwa. Mjane aliyekwenda kule kungoja kifo chake akiimba bhajan, nyimbo za ibada, hana pasi, na mwenye nyumba ya mapumziko anayo.

Waheshimiwa, najua majibu yenu, kwa kuwa karani wenu alinipa baadhi yake na mengine nimeyasikia kwa wadhamini wa hapa kwetu.

Mtasema kwamba fedha za pasi hulisha maskini, hujenga hospitali na shule. Chakula cha bure cha Tirumala nimekila na ni kizuri. Lakini Puri, mji wa hekalu la mungu Jagannath, hulisha watu pia, na katika Ananda Bazaar, soko la chakula la hekalu hilo, watu wa tabaka zote hula mahaprasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu, ya chungu kimoja bila kuulizana ukoo. Na ikifika siku ya Rath Yatra, sikukuu ya kuvuta magari ya miungu barabarani, Gajapati, mfalme wa Puri, hushika ufagio wa dhahabu akafagia gari la Jagannath mbele ya umma. Hapo mwenye cheo kikubwa kuliko wote ndiye anayepewa kazi ya chini kuliko zote. Tajiri anayetaka kuwalisha maskini na awalishe, kisha arudi kwenye foleni. Atakayeacha kutoa kwa sababu hakupewa mlango wake atakuwa amewajulisha alikuwa akinunua nini.

Mtasema kwamba watu wamekuwa wengi mno. Ni kweli. Wingi huo unadai ratiba, kivuli, maji na idadi maalumu ya watu kwa kila saa, ambayo yote yanaweza kugawanywa kwa haki. Haudai mnada.

Mtasema kwamba tamaa hekaluni si jambo la leo. Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mohandas Gandhi, naye mzaliwa wa Porbandar, alitoa sarafu ya pai moja pale Jnanavapi, Kashi, na kuhani akaitupa kwa hasira na kumtabiria jehanamu. Waswahili wana methali yao juu yetu, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa," na niliikumbuka nilipoona katika hekalu lile kuwa hata viatu vya wenye pasi vina rafu yao, vilivyobaki vikirundikwa pamoja. Lakini kuhani yule wa Kashi alikuwa mtu mmoja mwenye tamaa yake, na Gandhi aliweza kumjibu na kuondoka. Tamaa iliyowekewa tovuti, risiti na namba ya huduma kwa wateja haina uso ambao mtu anaweza kuujibu.

Na mtasema, hatimaye, kwamba sisi wa ng'ambo ndio wanunuzi wakubwa wa pasi hizo. Ni kweli pia, na ni aibu yetu. Tunakuja na likizo ya siku kumi, tunataka miji mitano, na tunalipa. Barua hii inanihusu mimi kama inavyowahusu ninyi. Tofauti ni kwamba mimi naweza kuacha kununua, nami nimeacha, lakini ninyi peke yenu ndio mnaoweza kuacha kuuza.

Basi ninayoyaomba ni haya:

(a) Mfute malipo yote yanayompa mtu nafasi mbele ya mwingine, yawe yanaitwa tiketi, pasi, mchango au huduma maalumu. Pawe na foleni moja, na pembeni yake foleni fupi ya bure kwa wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu, wajawazito na wenye watoto wachanga, bila kujali wametoka Bihar au Mombasa. Viongozi wa serikali wanaohitaji ulinzi wapangiwe saa yao kabla mlango haujafunguliwa kwa umma, ili lango lisifungwe katikati ya watu.

(b) Mpaka hilo litakapotekelezwa, mtangaze kila mwezi mapato ya pasi, matumizi yake, na wastani wa saa ambazo mtu wa foleni ya bure alisubiri siku hizo hizo. Takwimu hizo ziwekwe ukurasa mmoja.

(c) Kila atakayefika mbele ya murti apewe muda sawa. Ikiwa ni sekunde tano, ziwe tano kwa wote, na walinzi wakatazwe kuwagusa watu.

(d) Vizimba vya vyuma viwe na milango ya dharura, viti, maji, vyoo na mhudumu wa afya, na visijazwe kupita kipimo.

(e) Katika kila kamati ya mji wa hija wawepo wenyeji waliochaguliwa na wenzao, wakiwemo wajane na wachuuzi.

Naomba jibu la maandishi, si kwangu binafsi, bali kwa umma, kabla ya mwezi wa Kartik wa kalenda yetu ya Kihindu, ambapo mahujaji wengi wa Afrika Mashariki huanza kupanga safari zao baada ya Diwali. Mabaraza ya Wahindu wa hapa pwani nitawapelekea nakala ya barua hii pamoja na jibu lenu, au pamoja na karatasi tupu. Mama anakusudia kurudi tena, kwa kuwa shali ya yule bibi ilibaki kwetu katika msukumano wa mwisho, na hataki kusikia kwamba katika umati ule hatampata. Tutakuwa kwenye foleni ya bure, kuanzia saa kumi alfajiri.

Kwa heshima zote,

Hujaji wa Mombasa